Drafti ya Kusimama

Namtukuza Mungu aliyeumba goti, akalijalia kukunjika na kunyooka, wala hakutaka tulifikirie mpaka siku linapogoma. Namshukuru kwa miaka yote aliyonipa kushika miguu ya watu, na kwa kunifikisha kustaafu nikiwa bado natembea mwenyewe kwenda ibadani. Si kila aliyefanya kazi yetu amejaliwa hilo. Migongo yetu inajua.

Vijana wa idara, siku ya kuniaga mlinipa saa ya mkononi inayohesabu hatua na kumpongeza mtu akifikia lengo. Nawashukuru. Jumapili iliyopita ilinipongeza kwa mazoezi mazuri, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kanisa nikipiga makofi pamoja na kwaya. Mliniomba pia niandike jinsi tulivyoanza kuingiza michezo katika mazoezi ya nguvu, kwa sababu mnasema ninyi mmeisoma darasani kama jambo jipya. Sina ugomvi na darasa. Nitaandika nilivyoiona, na nitaandika hasa juu ya Mama Anaeli, kwa sababu mpaka leo simu ikiita mapema asubuhi bado namfikiria yeye kwanza.

Nilifika katika hospitali yetu, hapa chini ya Mlima Meru ambapo lami inaishia na migomba inaanza, nikiwa nimetoka chuo cha mazoezi tiba, na kabla ya hapo shule ya uinjilisti. Nilidhani najua kuwatia watu moyo. Mkuu wa idara alikuwa Mama Zubeda, mwanamke wa Kondoa, mfupi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti kifupi alichonionyesha.

"Simama. Usitumie mikono. Kaa. Simama."

Aliendelea hivyo mpaka shati likanishika mgongoni. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Huyu naye amevunjika wapi?"

"Sasa," Mama Zubeda akaniambia, "mtu ametoka kuwekewa chuma kwenye nyonga. Mwambie afanye hivyo kila siku kwa sababu wewe umesema. Atafanya?"

"Kama anataka kupona, Mama, atafanya."

"Anataka kupona. Hataki kusimama na kukaa. Hivyo ni vitu viwili, na kazi yako iko katikati."

Nilitumia miaka mingi kuielewa sentensi hiyo.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kujitengenezea. Mifuko ya uzito tuliishona kwa miguu ya suruali kuukuu, tukaijaza mchanga wa mtoni. Mchanga huo lazima uchekechwe na uanikwe kwanza, la sivyo sisimizi watatoka mgonjwa akiwa katikati ya zoezi, na hapo atainua mguu kuliko ulivyowahi kumwomba. Vyuma vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea vilichomelewa na Fundi Surjit wa Ngarenaro, Singasinga ambaye familia yake ilikuwa na karakana pale tangu enzi za babu yake. Alipovileta alivitingisha kwa nguvu zake zote, akasema, "Hivi vitatuzika sote." Vipo mpaka leo. Msiruhusu mtu avipake rangi sehemu ya kushika, vitateleza.

Mchezo uliingia kupitia dirishani. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu barazani walicheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha boksi kilichochorwa kwa kalamu. Siku moja nikamwona mzee ambaye ndani aliniapia kwamba mkono wake wa kulia haupandi kabisa. Kule nje aliunyanyua mkono huo huo mpaka usawa wa sikio, akaushusha kwa kishindo. "Nimekula! Ondoa takataka zako!"

Nikaingia ndani nimekasirika. "Mama, yule mzee ni mwongo."

"Si mwongo," Mama Zubeda akajibu bila kuinua macho. "Humu ndani anasikiliza mkono. Kule nje anasikiliza mchezo."

Tukajaribu kuuleta mchezo ndani, na mwanzo haukuwa mzuri. Tulining'iniza ubao tukawa tunaandika pointi: kila mara ukisimama, pointi moja. Baada ya muda mfupi watu walikuwa wanaruka kwenye viti kama maharage sufuriani, magoti yakienda upande wowote yanaoutaka, maumivu yakifichwa. Mzee mmoja wa kanisa, tunayekaa naye benchi moja hivyo simtaji, alikuwa anahesabu moja, mbili, tano. Nikaufuta ubao. Pointi zilikuwa zimewafundisha kutafuta pointi. Mkumbuke hilo mnapomnunulia mgonjwa saa.

Drafti ilikuwa tofauti, kwa sababu ndani yake kuna mtu mwingine anayekutazama na kufikiria. Tukaweka ubao wa drafti juu ya kabati la shuka, usawa wa kifua, na viti viwili mbele yake, kila upande kimoja. Ukiwa umekaa hufikii kizibo. Ukitaka kusogeza, simama, sogeza, kaa. Ukila kizibo cha mwenzako, kila ulichokula unakipeleka juu ya rafu, kimoja kimoja, na kila kimoja kina kusimama kwake. Ngazi za ugumu zilikuwa mito. Anayeanza anakalia mito mirefu, hana mbali pa kuinukia. Akizoea tunaondoa mmoja. Niliona watu wazima wakigombania kuondolewa mto kama watoto wanaogombania kukaa mbele kwenye gari. Hakuna aliyesema tena "leo nimechoka, dokta." Waliniita dokta, wengine mwalimu, nami si dokta; niliacha kuwasahihisha.

Miaka ilikuwa imepita, nami nimeshaanza kuitwa mzee, ndipo akaletwa Mama Anaeli.

Alikuwa mjane wa Kimeru, umri wake umevuka sitini, ameteleza kwenye mteremko akiwa amebeba majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Upasuaji ulifanyika mjini, kisha akaletwa kwetu ajifunze kutembea. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo gari hufika kiangazi tu, na alikuwa anaishi peke yake na ng'ombe mmoja. Mwanawe Anaeli alikuwa Dar es Salaam na alishasema: mama akitoka hospitali anahamia kwake, na ng'ombe auzwe.

"Ni mtoto mzuri," aliniambia Mama Anaeli siku ya kwanza, mikono yake imeng'ang'ania kingo za kiti. "Lakini kule nitakaa kwenye kochi nitazame feni mpaka Mungu anikumbuke. Baba Anaeli amelala pale nyumbani, nyuma ya jiko. Nani atapalilia?"

Daktari akasema uamuzi utategemea neno langu. Mwisho wa mwezi nieleze kama mama huyu anaweza kuishi peke yake kwenye mteremko ule, ndiyo au hapana. Nilikubali kwa mdomo.

Mnapaswa kujua kwamba woga wa mgonjwa unaambukiza. Mama Anaeli alikuwa anatetemeka kabla hata hajaanza kuinuka, nami niliyemshika nyuma kwa mkanda wa kiunoni nikawa natetemeka naye. Niliisikiliza nyonga ile kama mtu anayesikiliza maziwa jikoni huku akiongea na mgeni. Kila alipovuta pumzi ghafla niliona mbele yangu chuma kimepinda. Nilikuwa naingia stoo ya shuka kuomba, na maombi yangu hayakuwa marefu: Bwana, asianguke mikononi mwangu.

Mpinzani wake tulimpata bila kumtafuta. Fundi Surjit alikuwa amepata kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vimelegea, na sasa alikuwa anajifunza kutembea katikati ya vyuma alivyovichomelea mwenyewe. Hakufurahishwa na jambo hilo, ila alisifu uchomeleaji.

"Dada, leo nakufunga kabla chai haijachemka," alimwambia walipokutanishwa.

Mama Anaeli akamtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Wewe fundi, kifungo cha shati lako kimekushinda kufunga, utanifunga mimi?"

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi ya kuwatenganisha wakati wa chakula. Mama Anaeli alikuwa mchezaji hasa. Marehemu mume wake alimfundisha. Akifikiria alisahau kutetemeka. Aliinuka, akasogeza, akakaa, na mara nyingi hakukumbuka kutumia mikono mpaka amekwisha kusimama. Tukaondoa mto, tukaondoa mwingine. Nilianza kupata usingizi.

Sasa mnajua drafti ya kwetu: ukiona cha kula, lazima ule. Huna ruhusa ya kuacha. Wachezaji wazuri huutumia ulazima huo kutega. Wanakutolea vizibo ule, kumbe njia inafunguka nyuma yako. Tulikuwa tumeuleta mchezo pamoja na sheria zake zote, na hakuna kati yetu aliyefikiria sheria hiyo inamaanisha nini kwa mtu ambaye kila anachokula anakilipia kwa mguu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Walikuwa wamecheza muda mrefu, miguu ya Mama Anaeli imeanza kuchoka, nami nilikuwa nafungua mdomo kusema inatosha. Fundi Surjit akainuka kwa taabu, akasukuma kizibo kimoja mbele, akakaa akitabasamu upande mmoja wa uso, ule aliobakiwa nao.

"Kula, dada."

Ubaoni vilikuwa vitatu vya kula mfululizo. Kusimama mara tatu.

"Tupumzike kwanza," nikasema. "Mama, tutamalizia baada ya chai."

"Mwalimu, usiniharibie. Ameniwekea mwenyewe."

"Lazima ale," Fundi akasema. "Sheria ni sheria, hata Mama Zubeda anajua."

"Mimi sijui chochote," Mama Zubeda akasema kutoka kwenye meza yake, lakini alikuwa amesimama.

Nikaushika mkanda. Mama Anaeli akainuka, akaruka vizibo vya mwenzake kwa kidole, tap, tap, tap, akachukua kimoja akakiweka kwenye rafu, akakaa. Akainuka na cha pili. Miguu ilikuwa inacheza kama waya wa simu kwenye upepo. Akakaa. Alipoinuka na cha tatu sikusikia pumzi yake kabisa, kisha magoti yakalegea. Nilifanya tulichofundishwa, nikamtelemsha taratibu mbele ya paja langu mpaka kwenye godoro lililokuwa chini. Hakukuwa na kishindo. Lakini alipofika chini alipiga ukelele.

Tulimbeba kwa machela kwenda kupigwa picha ya eksirei. Mashine yetu ilikuwa ya zamani na umeme siku ile ulikuwa unakuja na kuondoka. Tukasubiri ukutani. Fundi Surjit alikuja polepole na gongo lake kupitia korido nzima, mwendo ambao hakuwahi kuufanya, akasimama pembeni yangu machozi yakishuka kwenye ndevu.

"Nimemuua dada yangu kwa vizibo vya soda," akasema.

Nilikuwa nahesabu moyoni nitamwambia nini Anaeli, ambaye alishapigiwa simu na alikuwa anatafuta basi la kuja. Niliyajua maandiko mengi ya kumsomea mtu mwenye hofu. Siku ile yote yalinikimbia, nikabaki na neno "tafadhali" peke yake.

Picha ilitoka. Daktari akaiinua kwenye dirisha, akaitazama, akaitazama tena, nasi tukimtazama yeye. Chuma kilikuwa mahali pake. Mfupa ulikuwa mzima. Alikuwa ameshtuka na kuchubuka kiwiko.

Nilirudi ukumbini nimeamua kuuchoma ule ubao. Nikamkuta Mama Zubeda amekaa kando ya kitanda cha Mama Anaeli, wananong'ona. Mama Anaeli akanigeukia. Nilitegemea alie au anilaumu.

"Nilikuwa nimebakiza kimoja," akasema. Halafu uso ukambadilika. "Lakini mwalimu, pale chini sikuweza kitu. Mlininyanyua kama gunia la mahindi. Kule kwangu nani ananinyanyua?"

Hapo ndipo hofu yangu yote ilipata jina. Tulikuwa tumewafundisha watu wasianguke. Hatukuwahi kumfundisha hata mmoja afanye nini akishaanguka. Na drafti yenyewe ilikuwa inatuambia kila siku: mtu akifungwa hakuna anayekufa, anapanga vizibo upya, anaanza na kelele zilezile. Sisi tulichukua mchezo tukaacha sehemu hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotutisha.

Daktari alisita tulipomwomba tuwafundishe kuinuka, akaruhusu baada ya kuturudisha mara kadhaa kwenye picha ile. Tukatandika magodoro, tukaushusha ubao sakafuni. Sasa walicheza wakiwa wamelala ubavu, na anayefungwa ndiye anayeanza kuinuka. Ngazi zilikuwa hivi: kwanza kujua kugeuka upande usiouma. Ukiweza hilo, unajisukuma kwa kiwiko. Kisha mikono na magoti. Kisha mguu wenye nguvu mbele na mkono kwenye kiti. Mtu haruhusiwi kupanda ngazi inayofuata mpaka ile ya chini ameifanya akiwa anaongea na kutukana mchezo wa mwenzake, maana anayebana pumzi bado hajaiweza. Sheria ya lazima ule waliirekebisha wenyewe. Mama Anaeli alisema anayetega naye ainuke pamoja na aliyetegwa, kila kizibo, wakiwa uso kwa uso.

"Hiyo si drafti," Fundi akalalamika. "Hiyo ni ndoa."

"Basi acha kutega."

Akaacha kutega kwa siku kama mbili. Halafu akaona bora ainuke.

Anaeli alikuwa amefika siku ya pili baada ya tukio. Kijana mrefu, mnene, mwenye adabu, aliyenisalimia "shikamoo" huku macho yamejaa lawama. Mama yake alikataa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi, naye akapanga chumba Kijenge, akawa anakuja kila siku kukaa kwenye benchi. Siku niliyotakiwa kutoa neno alinifuata nje.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Nina swali moja. Mama akianguka kule juu, peke yake, utajibu wewe?"

Ninyi mtaulizwa swali hili. Natamani ningewaachia jibu. Nilimwambia ukweli: "Ataanguka, mwanangu. Siwezi kukuahidi vingine. Twende ukaone kitu."

Mama Anaeli alilala sakafuni katikati ya ukumbi bila kuambiwa. Fundi Surjit akaambiwa anyamaze, kwa mara ya kwanza akatii. Mama Anaeli akageuka ubavu. Akakaa hapo kwa muda, anahema, na nywele zimetoka kwenye kitambaa. Akapata kiwiko. Kiwiko kikateleza, akashuka tena. Anaeli akaruka kutoka kwenye benchi, lakini Mama Zubeda, aliyemfikia kifuani, alikuwa mbele yake.

"Kaa."

"Ni mama yangu!"

"Ndiyo maana nimekuambia ukae."

Ilichukua muda mrefu sana. Nilikuwa nimekunja vidole ndani ya viatu. Kiwiko, magoti, mguu mmoja mbele, mkono kwenye kiti, kisha akawa amesimama, ananyoosha gauni kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Akamtazama mwanawe. "Feni yako haiwezi kunifundisha hivi," akasema. Anaeli akatoka nje akasimama kwenye mvua nyepesi, na aliporudi aliniuliza mahali pa kununua vyuma vya kushikilia chooni. Fundi Surjit akampa namba ya karakana.

Niliandika kwamba anaweza kurudi nyumbani. Kisha ikaanza miezi niliyoishi na simu kama mtu anayeishi na nyoka darini. Mvua ikinyesha Meru nilikuwa nauona mteremko ule. Nikimwona mtu amebeba majani barabarani nageuza uso.

Mama Anaeli akapiga mwenyewe, asubuhi moja ya masika, nikiwa navaa viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, jana nilianguka."

Nikakaa kitandani. "Wapi?"

"Kwenye mfereji wa migomba. Tope tupu."

"Nani alikuinua?"

"Alikuwepo ng'ombe, alikuwa anatazama." Nikasikia anakunywa kitu, chai bila shaka. "Nililala kidogo nikatafuta upande mzuri. Kiwiko. Magoti. Nikashika mgomba, mgomba ukang'oka, nikaanguka tena."

"Tena!"

"Usipige kelele, nina masikio. Nikapumzika, nikashika mwingine. Huo ulikuwa mzuri. Nikakata majani, nikamlisha ng'ombe, nikaoga. Sasa nimekupigia kwa sababu lazima nimwambie mtu, na Anaeli ukimwambia sitakusamehe mpaka mbinguni."

Nilikuwa nalia na nilikuwa bado naogopa, vyote pamoja, na nilimwambia nitapanda siku hiyo hiyo kumkagua nyonga.

"Njoo," akasema. "Lakini njia inateleza. Angalia usianguke wewe, maana mimi kukubeba sitaweza."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe nguvu ya miguu na utulivu wa moyo. Siku utakayokuwa chini, akupe mtu wa kusimama karibu nawe, na mtu huyo ampe subira ya kuizuia mikono yake wakati unainuka. Amina.